Mashine Iliyokosa Pumzi

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu. Imetukuta mwaloni Kibirizi, ufuko wa kupakilia boti hapa Kigoma, asubuhi, akina mama wakikimbia kufunika dagaa na mimi nikikimbia kufunika mashine ya boti yangu. Imerudi leo kutoka Ujiji, kwa fundi Wilfred, baada ya siku tisa. Amefunga pistoni mbili mpya na ringi zake. Niliziagiza mwenyewe Dar es Salaam, zikaja kwa treni ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa, nikamkabidhi mkononi.

Nimeanza daftari jipya. Baba, aliyeniachia boti hii, aliandika kila safari: mvua, upepo, abiria, mashine ilivyokwenda. Naendeleza. Mara tatu kwa wiki tunatoka hapa kwenda kwetu Mwamgongo na watu, unga, sabuni, magodoro, wagonjwa.

Anatoli ndiye nahodha. Alikuwa wa baba kabla ya kuwa wangu, na ndiye aliyenifundisha kushika usukani nikiwa darasa la sita. Leo alivuta kamba mara moja, mashine ikawaka. Badala ya kufurahi akaizima, akaivuta tena polepole, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Dada Honorata, kamba nyepesi."

"Ni mpya, kaka. Imelainika."

"Mashine mpya inakurudisha mkono. Hii inakuja tu, kama kamba ya mbuzi aliyekufa."

Nikamwambia fundi ni Wilfred.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tumetumia saa nne kufika Mwamgongo. Tulikuwa tukitumia mbili na nusu. Boti ya Samson, mpinzani wangu, ilitupita karibu na hifadhi ya Gombe, abiria wake wakitupungia mikono.

Jumatano, 16 Oktoba

Mashine imezima ziwani. Haikukohoa, imechoka tu, kama mzee anayepanda mlima wa Kalinzi. Anatoli alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Tukasubiri ipoe, ikawaka. Dakika arobaini baadaye, ikazima tena.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ujiji. Wilfred alinipokea kama mgeni wa harusi: kiti, chai ya tangawizi, pole nyingi. Ni mtu nadhifu. Ovaroli lake halina doa, na daima ana kitambaa cheupe cha kufutia mikono.

"Kabureta hiyo, dada yangu. Petroli ya siku hizi ina maji."

Akaisafisha, akaiwasha ndani ya pipa la maji pale gereji, ikanguruma vizuri. Anatoli akauliza, "Fundi, huipimi kompresheni?"

Wilfred akacheka. "Nahodha amekuja kunifundisha kazi."

Nami nikacheka. Tukirudi, Anatoli alijaribu kunieleza: kompresheni ni jinsi pistoni inavyoibana hewa ndani ya silinda, hewa ikivuja pembeni, petroli inaungua bure na nguvu haipatikani. Alisema pipa halina mzigo wala mawimbi, kila mashine hunguruma kwenye pipa. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia aangalie njia.

Jumanne, 22 Oktoba

Imezima tena. Ikiwa baridi inawaka, ikipata moto inakufa.

Jumatano, 23 Oktoba

Wilfred: ni plagi. Amebadilisha plagi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Si plagi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimeiacha mashine kwa Wilfred. "Nipe kesho."

Jumanne, 29 Oktoba

"Nipe kesho, dada yangu."

Jumatano, 30 Oktoba

Simu haipokelewi. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Gereji imefungwa. Jirani anasema fundi amefiwa.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimemkuta mfiwa sokoni Ujiji, mbele ya samaki mgebuka wa kuchoma na ndimu, amekunja mikono ya shati. Aliponiona alisimama akaniwekea kiti. Mtu huyu hukosi kiti kwake. Kimekosekana kitu kingine chochote.

Jumatatu, 4 Novemba

Mashine imerudi. "Sasa ni kama imetoka kiwandani," kasema. Anatoli akavuta kamba, akanitazama, hakusema neno. Ule ukimya wake ulinikera. Nilidhani ananidharau.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika nikiwa nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Mwanga. Nisipoandika leo nitaanza kusahau mambo, au kuyabadilisha.

Tulitoka Kibirizi saa tano asubuhi. Abiria thelathini na mmoja, magunia ya unga, mabati kumi ya kanisa. Jua lilikuwa kali, ziwa limelala. Tulipokaribia majabali ya kusini mwa Gombe, upande wa Kongo ukawa mweusi ghafla. Anatoli aliongeza mwendo ili tuyapite majabali kabla upepo haujafika. Mashine ikapokea, ikapiga kelele, kisha nikaisikia ikishuka. Ikashuka. Ikazima.

Akavuta kamba. Akavuta tena. Akatoa plagi, akazifuta, akazirudisha, akavuta. Upepo ukatufikia, nao ulikuwa unatusukuma moja kwa moja kwenye mawe. Watu wakaanza kupiga makafi, wengine wakipiga kwa mabati ya kanisa. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kliniki na mtoto mgongoni alinishika gauni akasema, "Mama mwenye boti, fanya kitu." Mimi mwenye boti sikuwa na la kufanya.

Anatoli akajifunga kamba ya nanga kiunoni, akaruka. Nilimwona anapotea, anatokea, anapotea. Akalifikia jabali, akapanda kwa magoti, akaizungusha kamba kwenye mwamba uliochongoka. Boti ikavutwa na wimbi, kamba ikakaza, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado katikati ya kamba na mwamba.

Sikumsikia akilia. Upepo ulikuwa mkubwa. Nilimwona tu anaegemeza paji la uso kwenye jiwe, kama mtu anayesali, na hakuiachia.

Tuliwashusha watu mmoja mmoja kwa kamba ile. Nyani wa Gombe walikuwa wamekaa juu, wanatuangalia. Wa mwisho alipofika nchi kavu, Anatoli aliuviringisha mkono kwenye shati lake akaniuliza, "Wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Basi," akasema, akakaa chini.

Boti ya Samson ndiyo iliyotuchukua kuturudisha mjini, ikiivuta ya kwetu kwa kamba.

Jumamosi, 9 Novemba

Hospitali wamemkata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mkewe Diana amekuja kutoka Mwamgongo, amekaa chini kando ya kitanda. Anatoli amelala. Sikumwamsha.

Kutoka hapo nilikwenda Ujiji nikiwa na hasira ya kubomoa ukuta. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mashine ilikuwa imetangulia, tuliivusha jana. Wilfred hakuniacha nianze. Alikuwa ameshazitoa plagi, ameziweka juu ya kile kitambaa chake cheupe.

"Dada Honorata, kaa. Pole sana. Nina jambo, ila linaniwia vigumu."

"Sema."

"Hii mashine haikupewa oili. Petroli tupu. Mashine ya namna hii oili inachanganywa kwenye petroli, ikikosa, kompresheni lazima ife. Nani anachanganya?"

"Anatoli."

Akashusha pumzi. "Manahodha wengi wanaiuza oili, dada yangu. Wanampa mwenye boti kopo tupu. Sisemi yeye. Ila mtu wa namna hiyo ndiye hujidai anaijua kompresheni."

Nilikunywa chai yake. Nikaanza kukumbuka: ule ukimya, yale macho. Alijuaje tangu siku ya kwanza kwamba mashine itakufa? Nimekuwa na watu thelathini na mmoja kwenye mdomo wa kifo kwa sababu ya makopo ya oili. Sitalala mpaka nimwambie.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwambia. Alikuja Kibirizi kutoka hospitali, mkono umefungwa bandeji kubwa, anatafuta boti ya kurudi nyumbani. Mwalo ulikuwa umejaa. Sikungoja tuwe faragha. Nilitaka kila mtu asikie. Nikasema ameuza oili yangu, ameua mashine ya baba, nusura aue watu, na kuruka kwake majini kulikuwa ni kufunika dhambi.

Diana aliangusha mfuko aliokuwa ameshika. Anatoli alisema, "Dada, mimi?" Halafu akasema, "Sawa." Akaingia kwenye boti ya Samson kwa kushikilia mkono mmoja.

Nimejisikia vizuri. Naandika ukweli: nimejisikia vizuri sana.

Jumatano, 13 Novemba

Nahodha mpya, Erasto. Kijana mzima, ana maneno mengi.

Jumamosi, 16 Novemba

Wilfred ameifungia mashine ringi nyingine. Mvua ya mawe.

Jumanne, 19 Novemba

Mimi mwenyewe nimechanganya oili leo. Nimepima kwa kikombe, nimetikisa dumu, Erasto akitazama. Imezima mbele ya Gombe.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimechanganya tena mwenyewe. Imezima palepale.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Oili nachanganya mimi na mashine inakufa kama ilivyokuwa inakufa. Diana alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka hata mara moja.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimetoka Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Huko kuna fundi mmoja mzee, Petero, Mrundi aliyehamia zamani na kuoa hapo hapo. Banda lake ni mabati manne na meza. Nilimpelekea mashine kwa boti ya mizigo.

"Shikamoo, mzee Petero."

"Marahaba. Amahoro. Leta tumsikilize mgonjwa."

Hakuiwasha. Alivuta kamba mara moja kwa vidole viwili, akacheka bila furaha. "Haina pumzi hii." Akatoa plagi, akachukua geji, saa ndogo yenye mpira na koki, akaifunga kwenye tundu la plagi. Akaniambia nivute kamba mwenyewe, mara sita, kwa nguvu. Mshale ulipanda mpaka sitini ukagoma. Silinda ya pili, hamsini na tano.

"Inatakiwa ngapi?"

"Mia na kitu. Ndiyo maana inakufa ikipata moto. Sasa tujue hewa inatokea wapi." Akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, tukapima tena. Mshale ukapanda hadi tisini. "Umeona? Oili imeziba pale ringi zilipolika. Ingekuwa gasketi, mshale usingesogea. Tufungue."

Nilimwambia haiwezekani, pistoni ni mpya na ringi zimebadilishwa mara mbili. Alifungua bolti polepole, moja moja, akaondoa kifuniko cha silinda. Akafuta vichwa vya pistoni kwa petroli, akasogeza uso. Akazifuta tena. Kisha akaniita.

"Tazama. Hapa pembeni ya huu mshale uliochongwa kichwani mwa pistoni. Nukta tatu. Kila pistoni ninayoifunga naitia nukta tatu. Hizi niliwafungia watu wa hapa Kagunga miaka minne iliyopita. Mwaka jana walikwenda kuzibadilisha Ujiji."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo wako mwenye kitambaa."

Nikauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu Jumapili. "Mzee, inawezekana mashine hii iliwahi kuendeshwa bila oili?"

"Oya, oya, hapana. Ikikosa oili inaungua. Pistoni inayeyuka, inashikana na silinda, ungeona mikwaruzo kama ya kucha za chui. Hii haijaungua. Hii imezeeka tu. Aliyekuwa anaichanganyia oili alikuwa anaichanganya vizuri. Mtu huyo ndiye amekufikisha hapa."

Nilitoka nje. Wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu.

Jumamosi, 30 Novemba

Sijamwendea Anatoli. Najua ningepaswa kwenda kwanza huko. Siwezi kwenda mikono mitupu. Nitampelekea Wilfred.

Nimewaza njia zote. Kumwaga mchanga kwenye mashine za wateja wake, ili wamrudie wote kwa siku moja. Kumwita mganga, kumwita polisi. Mchanga utaumiza watu wengine ziwani. Polisi watataka ushahidi, naye ana chai na kiti. Nataka iwe mwaloni. Nataka anyooshewe vidole na watu haohao walionisikia nikimtukana Anatoli. Nimeamka na kisasi hiki na nimelala nacho, na sijawahi kuwa na hamu ya kula kama wiki hii.

Jumanne, 3 Desemba

Yunisi, rafiki yangu mchuuzi wa migebuka, ana boti ya kukusanyia samaki na mashine yake imechakaa kweli. Ameagiza pistoni mpya. Wilfred hajui kama tunajuana. Nilimweleza habari yote. Akasema, "Mashine yangu tumia. Na mimi nina shangazi alikuwa kwenye ile boti yako."

Ijumaa, 6 Desemba

Petero amekuja Kibirizi kwa ajili yetu. Pistoni za Yunisi amezitia nukta mbili ndogo pembeni ya mshale ambao kila pistoni huja nao. Fundi mwenye haraka ataona ni alama za kiwandani. Tumezipiga picha kwa simu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, lakini Wilfred kafungua. Yunisi amempelekea mashine na boksi. Ameomba kumpiga picha fundi wake akiwa ameshika pistoni, kwa kumbukumbu. Akatabasamu, kashika moja kila mkono. Picha nzuri sana. Nimeiangalia mara nyingi kuliko picha za harusi yangu.

Alhamisi, 12 Desemba

"Nipe kesho."

Ijumaa, 13 Desemba

"Nipe kesho." Yunisi ananiambia kwenye simu nasi tunacheka mpaka machozi. Nimeipenda hiyo kesho yake. Aongeze.

Jumatano, 18 Desemba

Mashine ya Yunisi imetoka. Petero yuko kwangu tangu jana. Samson nimemwendea mwenyewe, kwa kuwa mbali na boti yake ndiye mwenyekiti wa mwalo. Alinisikiliza, akasema, "Kesho saa tatu. Ila hakuna mtu kupigwa." Nikamwambia sawa.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua ilikata saa mbili. Yunisi alimpigia Wilfred kwamba mashine ina tatizo dogo, aje Kibirizi atazame, atapewa na samaki. Akaja kwa bodaboda, na kitambaa chake.

Alipotuona tumekaa kwenye duara, mashine juu ya meza katikati, Petero na geji yake, wenye boti karibu ishirini, alisita. Nilisimama nikamwekea kiti.

"Karibu, fundi. Kaa."

Petero alipima mbele ya wote. Samson alisoma mshale kwa sauti: "Sabini. Sitini na tano." Mashine iliyofungwa pistoni mpya jana! Yunisi akaipitisha simu, watu wakaiona ile picha ya kutabasamu. Kifuniko kikafunguliwa. Petero akafuta vichwa vya pistoni. Hapakuwa na nukta mbili. Palikuwa na weusi wa miaka.

"Hizo ndizo alizoleta," Wilfred akasema.

Sauti ikatoka nyuma. Ni mzee mmoja mvuvi wa Katonga. Alisema yeye Jumamosi amefungiwa na Wilfred pistoni mpya, na fundi ndiye aliyemuuzia. Mashine yake ilikuwa palepale kwenye mtumbwi. Hatukupanga hilo. Ililetwa, ikafunguliwa, na ilimchukua Petero muda wa kunywa soda moja. Nukta mbili pembeni ya mshale, safi, zinang'aa.

Kila mtu akaanza kusema mashine yake. Wa kwanza mwaka juzi, wa pili mwezi uliopita, wa tatu mdogo wake alizama. Duara likawa dogo. Mtu akaokota kafi.

Nilimwona Samson anapita katikati ya watu, anapiga kelele waache. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimemwahidi na sikutimiza. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa Wilfred, kitambaa chake kimeanguka kwenye matope, na nilitaka kuona. Kafi lilimpata begani, na la pili mgongoni, ndipo Samson na wanawe walipomfunika kwa miili yao wakamkokota hadi ofisi ya mwalo. Polisi walikuja kumchukua saa sita.

Kabla hawajamwingiza kwenye gari nilimsogelea. Nilitaka neno la mwisho. Yeye ndiye aliyelisema.

"Mimi nilisema tu, dada Honorata. Na wala sikusema ni nahodha wako. Wewe ndiye uliyemfukuza."

Jumamosi, 21 Desemba

Nimepita Ujiji makusudi. Gereji ina kufuli mbili, lake na la mwenye nyumba. Nilinunua soda nikakaa kivulini, mkabala na mlango, nikainywa yote polepole. Ilikuwa tamu. Nimeongeza ya pili, na hiyo haikushuka.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimekwenda kwa Anatoli. Nyumba yao iko juu kidogo ya ufuko wa Mwamgongo. Nilibeba mchele, mawese na habari.

Alinikaribisha. Diana aliniletea maji ya kunawa, ugali, samaki aina ya kuhe wa mchuzi. Nilimsimulia yote: geji, nukta, picha, kafi. Nilisimulia vizuri, naona hata nilisimama kuonyesha Wilfred alivyosita. Anatoli alisikiliza akiuminya mkono wa kulia kwa wa kushoto, maana anasema vile vidole visivyokuwepo bado vinamuuma.

Nilipomaliza akasema, "Pole kwa safari zote hizo."

"Nimekulipizia, kaka."

"Mimi sikumjua Wilfred. Wilfred hakunijua. Mtu asiyenijua akinisingizia, nitaumia siku mbili. Wewe nilikushika mkono ukiwa mtoto, ukiogopa mawimbi. Ulimwamini kwa muda gani, dada? Ulimaliza chai kwanza?"

Nilisema nimekosea. Nilisema pale pale, juu ya mkeka, nimepiga magoti. Nikamwomba arudi.

Ni Diana aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na sinia. "Umekuja kuyasema nyumbani, mama. Yale mengine uliyasemea mwaloni. Mimi nauza dagaa pale. Kuna watu mpaka leo wanahesabu mara mbili ninachowapimia, kwa kuwa mume wangu ni mwizi wa oili."

"Wameshajua Wilfred ndiye mwizi."

"Wamejua Wilfred ni mwizi. Kuhusu Anatoli hakuna aliyesema kitu. Siku ile ulipokuwa na watu wote wale, na simu, na geji, ulilitaja jina lake?"

Nimepitia daftari usiku huu, ukurasa kwa ukurasa. Sikulitaja.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimemchukia Diana siku tatu. Leo nimeshindwa kuendelea.

Alhamisi, 2 Januari

Petero ameifunga mashine yangu pistoni mpya, mbele ya macho yangu. Mia na kumi na tano, silinda zote mbili. Kamba imenirudisha mkono mpaka bega likauma. Erasto ameacha kazi, kaenda machimboni. Jumamosi nitashika usukani mwenyewe.

Jumamosi, 4 Januari

Shule zinakaribia kufunguliwa na wanafunzi wanarudi na masanduku. Kibirizi ilikuwa imejaa kuliko siku yoyote msimu huu. Boti mbili zilikuwa zinapakia, yangu na ya Samson. Ya Samson nahodha wake sasa ni Anatoli. Anashika usukani kwa mkono wa kushoto. Diana alikuwa pale na beseni lake la dagaa.

Boti yangu ilikuwa imeshajaa. Watu wamesikia mashine ni nzima. Nilipanda juu ya gunia la unga ili nionekane.

Nilisema jina langu ingawa wote wananijua. Nilisema: tarehe kumi na moja Novemba nilisimama hapa nikamwita Anatoli mwizi. Hakuuza oili. Hakuua mashine. Aliniambia siku ya kwanza kwamba kamba ni nyepesi, nikambishia, na alipotaja kompresheni nikamcheka. Mashine ilipozima ni yeye aliyeruka majini, akapoteza vidole viwili, na watu thelathini na mmoja wakapona. Nilimfukuza kabla kidonda hakijakauka, kwa neno la mtu aliyenipa chai. Mwongo siku ile nilikuwa mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Diana aliinua beseni, akaliweka kichwani, akaenda zake bila kunitazama, ila alikuwa anatembea wima. Anatoli alikuwa amesimama nyuma ya boti ya Samson, mkono kwenye mashine. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Nimesikia, dada." Akainama kufungua kamba ya nanga.

Ndipo yule mama aliyenishika gauni siku ya majabali, mwenye mtoto mgongoni, akasimama ndani ya boti yangu. Akaniomba radhi kwa adabu, akashuka majini, akaenda kupanda kwa Anatoli. Akafuata mzee mmoja na kuku wake. Wakafuata wanafunzi wanne, kisha watu wakawa wanashuka wawili wawili, wakipitisha masanduku juu ya vichwa.

Sikumzuia mtu. Alibaki bibi mmoja aliyekuwa anahangaika na godoro lake, maji yamemfika magotini. Nilishuka kwenye gunia, nikalishika godoro upande mmoja, nikamsaidia kulivusha mpaka kwenye boti ya Samson. Anatoli alilipokea kwa mkono wa kushoto.